Mama Bandi na Vitambaa vya Buluu

Alizaliwa mwishoni mwa kiangazi, katika chumba cha uani cha nyumba ya kupanga iliyokuwa nyuma ya mashine ya kusaga nafaka. Baba yake alikuwa mpiga pasi, na mama yake alifua nguo za watu. Wanaosimulia maisha ya watakatifu hupenda kutuambia kwamba watoto wa namna hii huzaliwa wakitabasamu, au kwamba nuru ilionekana juu ya paa. Majirani waliohojiwa hawakuona nuru yoyote. Walichokumbuka ni kwamba mtoto alilia mfululizo mpaka mvua za kwanza zilipoanguka, na kwamba mwenye nyumba alitishia kuwahamisha. Alibatizwa Jumapili ya pili baada ya Pasaka, na hata pale penye maji ya ubatizo padri alilazimika kupaza sauti ili asikike.

Alipofikia umri wa kushika sindano bila kujichoma, alipelekwa kwa shangazi yake, fundi cherehani aliyekuwa na chumba chenye dirisha kubwa kando ya barabara iendayo darajani. Shangazi hakuwa mtu wa maneno mengi wala wa subira nyingi, ila katika jambo moja: hakuna nguo iliyoingia mashineni kabla ya kupigwa bandi. Bandi, kwa wasiojua kazi hiyo, ni ule mshono mrefu wa mkono unaoshikiza vipande viwili vya kitambaa kwa muda. Ukivuta ncha ya uzi, wote unatoka na nguo haibaki na alama. Mafundi wengi wa mjini walikuwa wameuacha, wakitumia pini au macho tu. Shangazi alisema, "Mashine haina huruma, ikipita imepita. Wewe piga bandi kwanza, uisikilize nguo inasemaje." Binti alishika mafundisho hayo kuliko hata mwalimu wake, na wateja wakamchoka. Bibi harusi mmoja alipomfokea kwamba ataolewa akiwa amevaa shuka, alijibiwa, "Mungu ndiye anayeshona, mwanangu. Mimi napiga bandi tu." Siku hizi maneno hayo yameandikwa juu ya mlango wa kikanisa chake, na waumini huyatafakari. Siku alipoyasema kwa mara ya kwanza alitaka tu yule bibi harusi anyamaze. Tangu hapo mtaa ukamwita Mama Bandi, ingawa hakuwahi kuzaa.

Wazazi wake walifariki mmoja baada ya mwingine, wakamwachia mdogo wake wa kiume aliyekuwa bado anapoteza viatu njiani. Alimlea kama mwanawe. Tuseme ukweli, alimdekeza. Akililia mpira, anapewa mpira. Akiikataa shule, anaombewa ruhusa. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na Mama Bandi alikuja kulia. Aliolewa na dereva wa lori, mtu mcheshi aliyependa safari ndefu, naye akaondoka katika moja ya safari hizo wala hakurudi. Haijulikani mpaka leo kama alikufa au alinogewa huko alikokwenda. Mkewe alimwombea kwa namna zote mbili, kwa kuwa, alivyosema, Mungu anajua ni ipi inayofaa. Shangazi naye alipolala usingizi wa haki, chumba chenye dirisha kubwa kikawa chake, na ndani yake wakakaa yeye, mdogo wake na cherehani nyeusi ya kukanyaga.

Kisha zikaja zile nyakati ambazo watu wa rika lake hawapendi kuzitaja. Serikali iliyolala madarakani haikuwa ile iliyoamka. Asubuhi watu walifungua redio kabla ya kuosha uso, ili wajue wamsalimie nani na wamkane nani. Shule zilifunguliwa na kufungwa. Padri kijana wa parokia aliondoka kwenda semina fupi na hakuonekana tena, akabaki yule mzee peke yake, mwenye miguu iliyovimba. Katika hali hiyo kila mtu alitafuta pa kushika, na Mama Bandi hakuwa tofauti. Alimfuata mhubiri mmoja aliyekodi ghala la saruji, ambaye alitangaza siku ambayo vurugu zote zingekoma. Siku hiyo ilifika, vurugu zikaendelea, mhubiri akatangaza siku nyingine. Mama Bandi alikwenda mpaka tarehe ya tatu, akaacha. Alikiri baadaye kwamba katika miezi hiyo hakuweza kusali. Akifumba macho aliona giza tu, kama mtu mwingine yeyote anayefumba macho. Tumeona vema tusilifiche jambo hili, maana wapo wanaodhani kwamba watakatifu huzaliwa na dira kifuani.

Siku chache kabla ya Jumapili ya Matawi, mdogo wake, aliyekuwa ameliacha kanisa tangu ndevu zilipomwota, aliingia chumbani na kipande kikubwa cha kitambaa cha buluu. Alitaka kikatwe vipande vyembamba vya kushonwa kwenye mkono wa kushoto wa mashati. Ikumbukwe kwamba kila mwaka Mama Bandi alishona vitambaa vya buluu vya namna hiyo hiyo kwa wasimamizi wa maandamano ya Matawi, wale wanaopanga watu mistari na kuwazuia watoto wasichapane kwa makuti. Alitazama kitambaa, akamtazama mdogo wake, akaamini kile alichokuwa akikiombea miaka yote: kijana amerudi kanisani, tena amepewa kazi. Hakuuliza. Aliogopa kwamba akiuliza ataona haya na kukataa. Alipiga bandi, kisha akapitisha mashine mara mbili kila upande, mshono wa kudumu kabisa, na akavikunja vizuri huku akiimba. Watu wa nje walisema haikuwahi kusikika furaha kama ile katika chumba kile.

Vitambaa vile vilikuwa vya Walinzi, kikosi kilichokuwa kimeundwa na wakubwa wa wakati huo. Siku hizo hizo kamba ilifungwa darajani. Mwenye kitambaa alipita, asiye nacho alisimamishwa, na baadhi ya waliosimamishwa walipelekwa nyuma ya tangi la maji. Mmoja wao alikuwa muuza mkaa, jirani wa mlango wa tatu, mtu mweusi wa vumbi na mweupe wa meno, aliyekuwa akivuka na mkokoteni wake kama kila siku. Hakuwa wa upande wowote. Mkewe alirudi kutoka darajani peke yake, akiwa anauvuta ule mkokoteni, na wanawake walipomzunguka alisema kwa sauti ya kawaida tu, "Wote walikuwa na vitambaa vya buluu mkononi. Vimeshonwa vizuri." Mama Bandi alikuwa miongoni mwa wanawake wale. Waliokuwepo wanasema alikaa chini barabarani, palepale, na kwamba haikuwa rahisi kumwinua.

Alikwenda kuungama kwa yule padri mzee. Yaliyosemwa katika kitubio ni siri, lakini yeye mwenyewe aliwasimulia watu sehemu yake. Alikuwa amefunga mizigo, anataka kwenda kwa ndugu wa mbali ambako hakuna daraja wala Walinzi. Padri alimwambia, "Ukihama, utahama na mikono hiyo hiyo. Kaa. Na kila unaposhika kitambaa, uliza kwanza unamshonea nani." Hakupewa malipizi mengine. Alirudi, akafungua mizigo, kisha akaenda mlango wa tatu na kumwambia mjane, "Ni mimi niliyeshona." Mjane alijibu, "Najua. Nilikuona ukivikunja." Akaufunga mlango.

Tangu siku hiyo Mama Bandi alisimamisha cherehani kila mchana. Alisoma kipande cha Injili, akasema Baba Yetu, halafu akaongeza maneno aliyoyatunga mwenyewe: "Bwana, la kesho sikuulizi. Nionyeshe la leo, na mtu wake." Hatujasikia kwamba alipata maono. Alisema tu kwamba giza la macho yaliyofumbwa halikumtisha tena, kwa sababu alikuwa ameacha kulichungulia. Padri mzee alipofariki na kanisa likafungwa kwa kufuli, wanawake wa mtaa walianza kuja chumbani kwake saa hiyo ya mchana, wakakaa juu ya majora na ndoo zilizopinduliwa. Mjane wa muuza mkaa naye alikuja, akakaa karibu na mlango. Hakumsalimia mwenyeji. Aliwaambia wenzake kwamba amemjia Mungu, hakumjia mwenye chumba.

Baada ya Pasaka mdogo wake alileta jora zima la buluu. "Dada, Mkuu wetu wa Walinzi ameipenda sana kazi yako," alisema. Mama Bandi alilipapasa lile jora, akauliza anawashonea akina nani, akajibiwa kwamba safari hii ni watu wa orodha itakayoletwa. Basi akasema, "Nitashona. Lakini kila shati litakaloingia humu ndani litatoka na kitambaa."

"Shati la nani?"

"La atakayelileta."

"Dada, usilete mchezo na wale watu. Wewe watakuua, na mimi hawataniacha."

"Basi lirudishe jora lao. Uwaambie nilivyosema."

Hakulirudisha, na hakuwaambia. Alimwogopa Mkuu kuliko alivyomwogopa dada yake, akaliacha jora pale na kwenda zake akitumaini kwamba mambo yatajisawazisha. Woga wake ndio ulioupa mtaa nafasi. Mungu hutumia alichokikuta. Mama Bandi alifungua dirisha kubwa, akawaambia wapita njia kwamba anayetaka kuvuka daraja alete shati. Waliochunguza maisha yake kwa niaba ya askofu waliuliza kama hapa hapakuwa na hila. Waliridhika kwamba hila hufanywa kwa kificho, na huyu alifanya dirishani, akamwita hata mgambo aliyekuwa anapita ampishe mwanga.

Mtaa ukawa wa buluu, vitambaa vyote vikiwa kwa bandi kwanza, mashine ikingoja mashati yapungue. Mwalimu, kinyozi, mlevi wa kona, wote walivaa. Mjane peke yake alikataa. Mkuu alipokuja alikuta saa ya sala, akasubiri mpaka waseme amina, kwani alikuwa amelelewa vizuri. Kisha akauliza nani aliruhusu kazi hii. Mama Bandi alijibu kwamba hakuna aliyekataza. Mkuu akaamuru afumue vitambaa vya wale wasio wao. Mama Bandi akamsogezea rundo la mashati na kumwambia, "Nionyeshe ni vitambaa vipi, nifumue." Mkuu aliinua shati moja, akainua la pili, akayatazama kama mtu anayechagua viazi vilivyofanana. Mlinzi mmoja akacheka. Bila kicheko kile pengine mambo yangeishia kwenye matusi. Cherehani nyeusi ilitupwa mtaroni, na mkono wa kulia wa Mama Bandi ukawekwa juu ya meza ya kukatia, ukapigwa kwa pasi ya mkaa. Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni na Walinzi wenzake. Injili imekwisha kutuzoesha kisa cha mtu aliyesimama uani akiota moto huku bwana wake akipigwa, kwa hiyo tusijifanye tunashangaa.

Vidole havikunyooka tena. Hata hivyo mashati yaliendelea kuja, naye aliendelea kwa mkono wa kushoto, akisaidiwa na wanawake ambao wengi wao hawakujua kushona. Alichoweza kuwafundisha kwa haraka kilikuwa bandi tu, nyuzi ndefu zilizopinda kama njia ya mbuzi. Darajani Walinzi walichoka kuwasimamisha watu ambao wote walikuwa na alama moja. Kamba ikalegea. Nyuma ya tangi la maji hapakupelekwa mtu tena.

Katika mwezi wa nane serikali iligeuka kama nyama motoni. Redio ya asubuhi ilitangaza kwamba jeshi jipya linaingia mjini, na kwamba yeyote atakayekutwa na alama ya buluu ni adui. Hofu iliyoupata mtaa mtu aweza kuikisia. Lakini watu walishika ncha za nyuzi, wakavuta, na vitambaa vikatoka vyote bila kuacha hata tundu. Kabla ya malori kufika, buluu yote ilikuwa imekwisha kuungua mekoni. Wengi huuhesabu huu kuwa muujiza wake wa kwanza, wakisema aliona mbele, ndiyo maana hakushona kwa mashine. Yeye alipoulizwa alisema hakushona kwa mashine kwa sababu mashine ilikuwa mtaroni.

Mchana wa siku hiyo hiyo, wakiwa katika sala, mlango ulisukumwa na mdogo wake akaingia akihema. Alikuwa amevaa shati lake la Mlinzi. Kitambaa mkononi kilikuwa kati ya vile vya kwanza, vya kabla ya Matawi, vilivyopitishwa mashine mara mbili kwa furaha. Alikuwa amekivuta hadi kucha zikatoka damu. Hata kama kingefumuliwa, shati lilikuwa limepauka kote isipokuwa pale, kwa kushinda juani darajani kila siku, na alama ingeonekana kutoka mbali. Kulivua hakukufaa, maana askari waliwakamata wanaume wote waliokutwa vifua wazi, kwa sababu hiyo hiyo. Chumbani hapakuwa na nguo nyingine ya kiume. Alipiga magoti mbele ya dada yake. "Dada, nifiche. Wako pale kwenye kisima."

Damu ni nzito kuliko maji, na huyu alikuwa ndiye mtoto pekee aliyewahi kumlea. Kila aliyekuwepo anashuhudia kwamba Mama Bandi alinyoosha mkono kumwinua, akaurudisha. Alisema, "Chumba hiki saa hii si changu peke yangu. Mwambie huyu mama pale mlangoni ulikuwa wapi siku ile ya mumewe."

Kijana aligeuka kumwelekea mjane, magoti yakiwa bado chini. Kisha akasema bila kuinua uso, "Nilikuwepo. Nilishika kamba."

Mjane aliinuka na kutoka. Hakuna aliyemzuia. Wote walielewa anakwenda kisimani kuwaita askari, na hakuna aliyeona kwamba angekuwa na kosa. Mama Bandi aliushika mkono wa mdogo wake kwa mkono wake mbovu, akaanza tena Baba Yetu, akafika kwenye "utusamehe", akashindwa kuendelea. Wenzake walimalizia. Ndipo mjane akarudi, na mkononi alikuwa na shati la kiume lililofuliwa na kukunjwa. Alimtupia kijana mapajani. "Vaa," alisema. "Lina doa la mkaa begani, halitoki. Usidhani ni kwa ajili yako." Lile la Mlinzi akalisokota na kulitia mekoni yeye mwenyewe. Askari walipoingia walikuta wanawake wakisali na mwanamume mmoja mwenye doa begani. Wakauliza huyu ni nani. Mjane, aliyekuwa amekaa karibu nao zaidi, alijibu, "Ni wa humu." Wakaenda zao.

Mambo yalipotulia na mahakama zikafunguliwa, kijana alikwenda mwenyewe kituoni, akaeleza yote. Alifungwa miaka mingi. Dada yake alimtembelea kila mwezi, akimpelekea sabuni, na hakuwahi kumwombea apunguziwe kifungo. Aliendelea kuwafundisha wanawake kushona kwa mkono wa kushoto, na baadhi ya wanafunzi wake hushona hivyo mpaka leo ingawa mikono yao ya kulia ni mizima. Alifariki katika juma la mwisho la Kwaresima, kwa kifua, akiwa amekaa penye dirisha. Neno lake la mwisho lililosikika lilikuwa kuuliza kama aliyekuja mchana ule ameshapewa kiti. Mjane wa muuza mkaa ndiye aliyemwosha na kumvika. Tangu wakati huo watu huja kaburini kuomba, hasa wale wasiojua wakae au waondoke, na wapo waliosema wameondoka pale wakijua. Cherehani iliyookolewa mtaroni bado inashona vizuri, jambo ambalo wengine huliita muujiza na fundi wake huliita chuma cha zamani. Kanisa bado halijatamka.

Katika uchunguzi wa askofu, mjane aliitwa, akiwa amekwisha kuzeeka, akaulizwa kama amewahi kupata neema yoyote kwa maombezi ya Mama Bandi. Alifikiri, akasema, "Sijaponywa, Baba. Yule mdogo wake alipotoka gerezani alianza kuja kanisani, na mimi namchukia Jumatatu mpaka Jumamosi. Jumapili akija nasogea kidogo, anakaa." Mwandishi wa tume aliuliza kama hilo ndilo tu. Mjane akasema ndilo tu.

Sisi tunaoishi katika nyakati ambazo redio bado hazijaacha kututisha, tukimwomba Mungu mahali pa kukanyaga, tusiombe kuonyeshwa mwisho wa safari, maana Mama Bandi hakuonyeshwa. Tuombe la leo, na mtu wake. Naye akija, hata akiwa yule, tusogee.